Bi. Getruda Luhende, Aliyetusomea Ukurasa wa Tatu

Tarehe 30 Juni 1999 Bi. Getruda Luhende anastaafu, baada ya kulitumikia shirika letu la bima, tawi la Mwanza, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa mpiga chapa. Anaondoka akiwa mkaguzi mkuu wa madai ya nyumba.

Wengi tunamkumbuka juu ya ngazi. Aliwahi kuvuka ziwa kwa feri hadi Kamanga kukagua paa ambalo mwenye nyumba aliapa limeng'olewa na upepo. Bi. Getruda alikaza kitenge, akapanda, akashuka akicheka: upande mzima haukuwa umepigiliwa msumari hata mmoja.

Lakini linalostahili kuandikwa hapa ni la mvua kubwa za mwanzoni mwa 1998. Faith Akeyo, muuguzi wa Kirumba, alileta dai. Bomba la tangi lilipasuka darini, dari likaangukia kitanda na kabati. Siku mbili baadaye maji ya mvua yakaingia mlangoni na kubomoa ukuta wa nyuma. Ofisini jalada liliandikwa neno moja, "Mafuriko", na kinga ya mafuriko Faith hakuwa nayo. Lilikuwa linasubiri kufungwa tu.

Bi. Getruda alitaka kwanza aone kwa macho, nami nikafuatana naye. Alitazama madoa ya kutu juu, kisha tope chini.

"Maji ya juu tutayalipa, Sista," alisema. "Bomba likipasuka ghafla, bima yako inahusika. Haya yaliyotoka nje hayamo. Kwa hayo ulipaswa kununua nyongeza."

"Mama, si wewe uliyeniambia, siku uliponiandikisha, kwamba nyumba yote ina bima?"

Bi. Getruda aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nilikwambia hivyo. Ukurasa wa tatu wa hati, wenye yasiyolipwa, sikukusomea. Nisamehe."

Aliporudi aliandika yote katika taarifa: sehemu ya kulipwa, na kosa lake. Wakati huo kampuni binafsi zilikuwa zinaingia sokoni, na kwetu orodha ya watakaopunguzwa kazi ilikuwa inaandaliwa. Nilimsihi aifute sentensi ile ya kosa lake.

"Odeta, nikiifuta, mteja wa kesho nitamtazamaje?"

Alipewa barua ya onyo, na kwa wiki tatu hakujua kama angebaki. Dari la Sista Faith lililipwa. Ukuta haukulipwa, aliujenga upya polepole, akisaidiwa na ndugu zake.

Tangu hapo Bi. Getruda aliugeuza ukurasa ule wa Kiingereza kuwa Kiswahili cha kawaida, akausoma na kila mteja kabla ya sahihi: bomba lililopasuka ghafla limo; bomba lililoachwa likivuja miezi hadi ukuta ukaoza halimo; mafuriko yana kinga yake. Benchi lilijaa, wengine wakanung'unika, wachache wakaondoka. Hakuharakisha.

Mwaka huu Sista Faith alikuja kuhuisha bima yake, pamoja na nyongeza ya mafuriko. Bi. Getruda alipofungua hati, mgeni wake aliivuta upande wake wa meza. "Leo nasoma mimi, Mama," akasema, akaanza kwa sauti, na Bi. Getruda akasikiliza hadi mwisho.

Asante, Mama Luhende, kwa kutufundisha kusema ukweli hata unapotugharimu. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za utulivu nyumbani kwako Igoma.

Odeta Mashimba, Idara ya Madai