Bangili ya Mwalimu wa Chumba cha Mwisho

Mgeni rasmi, karibu sana, na pole kwa safari. Mganga mkuu wa kituo ametusihi risala iwe fupi na ya furaha. Ufupi tumejitahidi.

TULIKOTOKA
Sisi ni wazazi na walezi wa watoto saba wasioona na wasiosikia, wote chini ya miaka mitano. Kabla ya kupewa chumba cha mwisho wa korido, kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu, tuliambiwa tungoje watoto wafikie umri wa shule. Tungoje nini, jamani? Mtoto wa namna hii akiachwa tu, analia bila kujua kama aliyemnyanyua ni mama yake au mpita njia.

TULICHOPATA
Miaka miwili iliyopita tuliletewa mwalimu. Mmoja tu, lakini alivua viatu akakaa mkekani. Hakuwakamata watoto mikono. Aliweka yake chini, ya mtoto juu, wakashika kijiko pamoja. Alimpangia kila mmoja wetu alama ya kuguswa, ili mtoto aipapase kwanza ajue nani amekuja. Baba mmoja ndevu, bibi mmoja kilemba, yeye mwenyewe bangili ya mbao yenye pengo. Mtoto tunayemwita Bosi, kwa jinsi anavyotuamrisha, alikuwa akiigusa bangili ile anacheka hadi kwikwi inamshika. Siku moja alipewa taulo alishike, akaanza kuvua shati mwenyewe. Akajua anakwenda kuoga! Tulipiga vigelegele mpaka wagonjwa wa wodi ya jirani wakalalamika.

KILICHOTUPATA
Miezi mitatu iliyopita mwalimu alihamishiwa ofisi kuu kupanga mafaili. Akatuachia bangili. Hapo ndipo tulipoharibu, na hatumsingizii mtu. Watoto walikuwa wanamtafuta, tukaingiwa na huruma, tukamvisha bangili mhudumu wa usafi, dada mwema kabisa. Bosi aliipapasa, akacheka, akapanda na vidole hadi kwenye kiwiko. Vidole vikasita. Siye.

Tangu siku hiyo hapokei mkono wa mtu yeyote, hata wa mama yake. Tulimdanganya mahali pekee anapotuamini. Wazo lilikuwa la mama yake, fundi cherehani, na ndiye anayekusomea risala hii. Wenzake walimwambia aliruke hilo. Amekataa.

OMBI
Tulikuwa na maombi tisa, tumeyafuta manane. Mrudishe mwalimu. Mafaili hayakui, mgeni rasmi. Watoto wetu wanakua, na wawili kati yao hawajatimiza hata mwaka. Wakianza sasa watafika mbali. Wakingojeshwa kama walivyongojeshwa wakubwa wao, tutakuwa tumewapoteza tukiwa tumewapakata.

Tumeona kwenye ratiba kwamba utasalimiana na watoto kwa mikono. Sita watakupa. Bosi ataificha yake kwapani. Tafadhali usimlazimishe, wala usidhani ni utovu wa adabu. Kaa kando yake mkekani, weka kiganja chako wazi, usubiri kidogo. Mama yake hufanya hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na leo pia amefanya.

Mungu akufikishe kwako salama, na walio wako wakutambue ukiingia.

Ni sisi,
Wazazi na Walezi wa Chumba cha Mwisho