Lipidi za Fundi Saa

Habari hii aliisimulia kwanza Kinyozi. Ilitokea mwaka mmoja baada ya fundi saa kufiwa na mkewe. Jioni hiyo marafiki wanne walikuwa kwenye benchi la mbele ya kibanda cha Kinyozi, birika la kahawa katikati, na fundi saa ameshika karatasi ya hospitali aliyoikunja mara nne.

— Soma tena, alisema Profesa, aliyefagia maabara ya shule miaka ishirini.

— Lipidi zimezidi kiwango.

— Lipidi ni ukoo mzima. Mafuta yamo, nta imo, kolesteroli imo. Wote hawapatani na maji.

— Basi asinywe maji, wasije wakagombana humo ndani! alidakia Kinyozi.

— Wewe nyoa watu.

— Mimi nimeona vichwa! Ni mafuta ya nywele, yanapenya utosini.

— Kipara hiki? fundi saa aliuliza, wakacheka.

— Ni grisi, alisema Dereva. Gari lisilotembea grisi yake huganda. Tumsukume mpaka kona ile, atawaka.

— Hamjui kitu, alisema Profesa. Kila chembe ya mwili imezungushiwa lipidi. Ukizitoa zote, mzee huyu anamwagika hapa kama uji.

Fundi saa alicheka kuliko wote. Hakutaka waondoke. Nyumbani kulikuwa na saa za ukutani kumi na moja, zote zinakwenda, na hakuna wa kuuliza ni saa ngapi.

Muuguzi mstaafu, mpangaji mpya wa mtaa, alikuwa amesimama pembeni akisubiri saa yake aliyompa fundi aitengeneze.

— Pole, kaka. Jana ulikula nini?

— Wali na nyama ya kukaanga.

— Sahani ngapi?

— Mbili, dada. Kila siku mbili.

— Ya pili ya nani?

Fundi saa aliitazama karatasi. Mwaka mzima alipima mchele kwa kikombe cha mkewe, viwili kama zamani. Akapakua, akamfunikia sahani yake. Ikipoa aliila mwenyewe, maana kuimwaga hakuweza.

Kinyozi aliinamisha birika. Halikutoa tone.

Profesa na Dereva wametangulia. Kinyozi yu hai, muuguzi yu hai. Fundi saa naye yu hai. Siku hizi anapima kikombe kimoja, na analalamika kwamba chakula cha mtu mmoja kinaiva upesi mno.