Mirija Iliyotundikwa Uani kwa Bazilio

"Bazilio, hii mirija ya kupimia hewa inafanya nini uani kwako?"

"Inapima hewa. Kwani hapa tunavuta maji?"

"Moshi wa tanuru hauji upande huu! Au kuku wako ndio wanaokohoa?"

"Punguza sauti, bwana. Hata mwaka juzi ilikuwa hapahapa."

Kwa neno hilo la Bazilio, marehemu Kipriani Nduwayezu, tunayemzika leo, alijua amedanganywa, maana majibu ya mwaka juzi ndiyo yaliyomrudisha tanuruni.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1979 Murungu, wilayani Kibondo, mtoto wa tatu wa mzee Ndayisaba, akasoma hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1994, kisha akahamia Kasulu, akajifunza kuchoma matofali. Tarehe 7 Agosti 2004 alifunga ndoa na Dorcas, Bazilio akiwa msimamizi wake, Mungu akawajalia Akimana na Tharsisi.

Tanuru lilipoanza kuchochewa kwa matairi chakavu, kifua kilimbana, akataka kuacha kazi, lakini Juni 2022 akaja mpimaji, dada Shadia, mwenye pampu ya kuvuta hewa na kuipitisha kwenye chupa ya dawa, pamoja na mirija midogo isiyohitaji umeme, ambayo hutundikwa mdomo wazi ukiangalia chini, ikanasa gesi yenyewe kwa majuma mawili. Pampu iliharibika, mirija akaachiwa Bazilio aitundike kando ya tanuru, na marehemu akasema atafuata yatakayosemwa na majibu. Majibu yakasema hewa ni safi, naye akarudi kazini kwa moyo mweupe, asijue kwamba rafiki yake, kwa kuogopa tanuru kufungwa wakose kazi wote, aliitundika nyumbani kwake, ng'ambo ya kilima, kunakotoka upepo.

Aligundua Juni 2024, Shadia alipokuja mara ya pili. Aliacha kazi siku ileile, ila kifua kilikwisha kuharibika. Hakumshitaki mtu, lakini kila alipotajiwa Bazilio aligeukia ukutani. Januari 2025 Akimana aliacha masomo kidato cha pili ili amuuguze baba yake, na tarehe 19 Mei, alfajiri, marehemu akafariki hospitalini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, wenzake wa tanuruni, na dada Shadia, aliyeitundika mirija upya kando ya tanuru kwa mikono yake mwenyewe, akatuletea ukweli.

Baba Akimana, pumzika, kifua hakikubani tena.

Na kwa kuwa wengi mmeuliza kwa nini msimamizi wake wa ndoa hakushika jeneza, alikuja jana kuomba alishike, na mama Akimana akamjibu mlangoni:

"Ingia ule, shemeji. Jeneza lina watu wake."