Mama Sahani, Aliyesoma Sahani Kabla ya Kuziosha

Marehemu, ambaye nyumbani na kazini alijulikana kama Mama Sahani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na mkewe. Alikuwa mtoto wa maswali. Baba yake alizoea kusema, "Huyu ukimtuma chumvi, atakuuliza kwanza inatoka wapi."

Alimaliza darasa la saba mwaka 1965, akashika nafasi ya pili. Mwaka huohuo baba alifariki, masomo yakakatika, kiu haikukatika. Mwaka 1991, akiwa na miaka arobaini, alifanya mtihani wa kidato cha nne katika ukumbi mmoja na kifungua mimba wake. Matokeo yalipotoka, mama alikuwa amempita mwana katika biolojia. Kijana alijifungia chumbani. Mama akamgongea mlango: "Toka ule, baba. Lile swali la mwisho hata mimi nilibahatisha."

Tarehe 2 Agosti 1971 aliajiriwa kuosha vyombo katika maabara ya chuo kikuu, ambamo seli za neva zilikuzwa kwenye sahani ndogo za kioo. Hakuosha sahani hata moja kabla ya kusoma kibandiko chake na kukinakili kwenye daftari. Profesa, mkuu wa maabara, alipomruhusu kuchungulia kwenye hadubini, Mama Sahani alisema, "Kumbe zinatoa mizizi kama mche wa maharage!"

Hapohapo kazini ndipo alipompata mume, fundi umeme aliyeitwa kutengeneza kabati la joto la kutunzia seli. Kabati lilipona siku ya kwanza. Fundi alirudi mara nne zaidi "kulikagua". Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Mei 1973, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1984 kitumbua kiliingia mchanga. Seli za neva katika safu nzima ya sahani zilidumaa. Nyuzi zilizopaswa kutambaa kuzitafuta seli nyingine ziliishia njiani. Profesa alilaumu sabuni. "Mama, hukusuuza vizuri. Kazi ya miezi minane imekwenda na maji." Barua ikaandikwa kwamba mwezi unaofuata ahamishiwe kufagia nje.

Siku hiyo Mama Sahani hakula. Asubuhi alimkabili Profesa, daftari mkononi. "Sahani zilizodumaa na zilizostawi niliziosha karai moja, siku moja. Ila zilizodumaa zote zilitiwa yale maji yaliyotoka kwenye seli za kinga. Nipe wiki tatu, kisha nifukuze ukitaka."

Seli za kinga ni askari wa mwili. Mahali panapoumia, hutoa vijumbe vya kemikali vya kuitana, ndiyo maana pale huvimba na kupata joto. Katika maabara ile hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba vijumbe hivyo vingeweza kugusa ukuaji wa neva. Profesa aliguna, akakubali.

Mama Sahani aliosha sahani tisini. Katibu wa idara akazipa namba na kuifungia orodha kwenye droo yake, hivi kwamba aliyepima urefu wa nyuzi hakujua sahani ipi ilitiwa nini. Orodha ilipofunguliwa, zilizodumaa ndizo zilizotiwa vijumbe vingi. Zilizopata kidogo tu zilikuwa zimerefuka kupita zote. Sabuni haikuhusika kabisa.

Profesa alivua miwani mbele ya wafanyakazi wote. "Mama, nilikukosea. Nisamehe."

"Yamekwisha, Profesa. Sasa iombe radhi na sabuni."

Barua ilichanwa. Jina lake liliandikwa la pili katika makala ya utafiti ule, na baada ya kidato cha nne alisomea ufundi sanifu wa maabara, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2011. Watafiti wengi walijifunza kwake kuhesabu nyuzi, na kutomlaumu mtu kabla ya kupima.

Tangu mwaka 2009 aliugua baridi yabisi, iliyompinda vidole. Daktari alipomweleza kwamba kinga yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikimshambulia, alicheka. "Vijumbe hao nawajua. Niambie tu, wangapi?" Mumewe alimfunga vifungo na kumchana nywele kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili ya mwisho, na kila asubuhi alikosolewa.

Mei 2023 alipata homa ya mapafu. Alifariki Jumapili, tarehe 11 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe, akiwa na umri wa miaka 72.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na dada wawili.

Mungu ampokee. Lala salama, mama. Mikono haiumi tena.