Nyanya ya Kwanza ya Mama Caritas

Tarehe 30 Juni, Mama Caritas Ndayikeza anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika duka letu la mbegu, na sisi wa chumba cha kufungasha hatujui tutamkimbilia nani.

Alianza kwa kuotesha. Mbegu za nyanya zilifika kutoka ng'ambo ndani ya makopo. Yeye alizilaza chache kwenye kitambaa chenye unyevu, na zikiota vizuri ndipo zilizobaki zilipotiwa kwenye pakiti za watu wanaolima uani, kwenye ndoo na beseni zilizotoboka. Alipohamia kaunta alileta desturi yake: kila mnunuzi aliombwa arudi na nyanya moja ya mavuno ya kwanza. Mama aliinusa, akaikata, akatia chumvi, akafumba macho. Uso wake ulikwenda mbali, kwenye ua fulani wa mtaa wa Kigobe wenye kivuli na majani yanayonukia mikononi, halafu ukarudi polepole kwetu na kelele za pikipiki.

Ulimi wake haukujua kubembeleza. Mkurugenzi wetu, Bwana Maxime, aliwahi kuleta nyanya ya bustani yake, akajibiwa mbele ya wateja: "Apana, patron, iyi ni maji tu." Bwana Maxime alicheka, ila mbegu ile hakuiagiza tena.

Msimu mmoja hakuna aliyerudi na nyanya. Mama alizunguka mtaa wa Nyakabiga nyumba kwa nyumba, akakuta maua yamepukutika kwa joto. Tangu hapo aliwasumbua wakubwa, hadi mwaka huu wakakubali kujaribu mbegu za Adrien, mkulima wa hapa karibu anayechagua nyanya zinazostahimili joto letu. Tuliwagawia wateja wachache wapande. Mama akiikubali nyanya hiyo, mbegu za Adrien zitaingia kwenye pakiti. Akiikataa, tunarudi kwenye makopo.

Shida ni kalenda: nyanya hizo hazitaiva kabla Mama hajaondoka. Jumatatu, mmoja wa wateja hao, Khadidja, aliingia mbio na nyanya ya kijani. "Mama, mi nimeileta mubichi, nimesikia unatuacha." Mama aliipokea kwa mikono miwili, akalia kidogo. Sisi tulilia zaidi.

Tunapoandika haya nyanya hiyo ipo dirishani, imeanza wekundu upande mmoja. Mama Caritas, asante kwa ukweli wako wote. Nenda nayo nyumbani Kibenga, upumzike, na maisha yawe matamu kwako. Ikiiva, ionje taratibu, kisha utuambie. Pakiti bado hatujazijaza.