Mama Spana Aliyebaki na Bomba

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja, fundi wa bomba la maji. Majirani walimwita Mama Spana. Alifariki wiki iliyopita, katika mji mdogo wa mpakani ambao wenyewe wameuhama. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Ufundi alifundishwa na marehemu mumewe. Mwanzoni watu walicheka: mwanamke na grisi, wapi na wapi? Akawajibu, "Yanyweni kwanza hayo maji, halafu mniambie kama yana ladha ya mwanamke." Wakanywa, wakarudi na ndoo zaidi.

Kisha vita vikaingia. Mtaa wake ulikuwa na nyumba arobaini. Watu wakaondoka kidogo kidogo, magodoro kichwani, wakavuka mpaka. Binti yake wa pekee alivuka na mtoto mgongoni. Mama Spana akabaki. Alibaki, wasikilizaji, kwa sababu kwenye njia ile ya wakimbizi bomba lililotoa maji lilikuwa moja tu. Lile lake.

Wapita njia walichota, wakashukuru, wakaenda zao. Yeye akabaki na nyumba arobaini zisizo na watu. Asubuhi alifagia ua wake, akafagia na za majirani. Kaka yake alipita kumwona, akamkuta anapika sufuria la watu sita.

Kaka anasimulia: "Nikamwuliza, dada, nani atakula vyote hivi? Akasema mkono wake haujui kupika cha mtu mmoja."

Siku moja wakaja wenye bunduki. Wakamtaka alifunge bomba, adui zao wasinywe. Aliogopa, hakumficha kaka yake hilo. Lakini aliwanyooshea spana. "Lifungeni wenyewe, wanangu. Ila mkirudi na kiu, mjue na kulifungua." Mmoja akaangua kicheko. Wakajaza madumu yao, wakaondoka.

Mwezi uliofuata mpira wa pampu ya bomba lile ukakatika, maji yakakoma. Alitembea siku mbili hadi kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya mpaka, kutafuta mwingine. Akaupata. Akalala kwa binti yake, ndani ya hema, mjukuu kifuani.

Binti anasema: "Nilimwomba akae siku moja zaidi. Siku moja tu. Akasema, mwanangu, watu wana kiu. Nikakasirika. Alfajiri nikajifanya nimelala. Sikumsindikiza."

Akarudi, akaufunga mpira ule, bomba likatoa maji tena. Wiki tatu baadaye homa ikamlaza. Zahanati ilikuwa imeshafungwa, na jirani wa kumpigia hodi hakuwepo. Wanawake wawili waliofika kuchota maji ndio waliomkuta, ameshakata roho. Hawakujua jina lake. Walimwosha kwa maji ya bomba lile, wakamzika, wakaendelea na safari yao hadi kambini, na huko ndiko binti alikopata habari.

Kwa binti, mjukuu na kaka: poleni sana, tupo pamoja nanyi. Binti, mama yako hakuondoka na kinyongo. Kaka yake ametuhakikishia, maana mama yako alipompigia kwa simu ya mpita njia, baada ya kurudi, alikuwa anamsifu mjukuu tu.

Na wewe unayetusikiliza, tafakari. Wako wanaobaki ili wengine wapite salama. Nani anawauliza wameamkaje?

Hadi tunaingia hewani, wapita njia wanasema bomba bado linatoa maji. Fundi hayupo. Litatoa hadi lini, hakuna anayejua.