Nilivyopiga Filamu ya Watu Wasiosonga

Haya, nishikieni hiki kikombe cha chai, maana nikianza kuongea mikono yangu haitulii! Ndugu zangu wa ushirika, mmesikia mwenyekiti akisema mimi natengeneza filamu za kufundisha wakulima, zile mnatazama mkicheka. Hakuwaambia kwamba nilikaribia kufukuzwa chuoni.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Katika darasa letu la filamu kule Nairobi, msichana nilikuwa peke yangu. Mtihani wa mwisho ulikuwa kutengeneza filamu ya mambo ya kweli, lakini mtu aitazame bila kusinzia. Kila mmoja alipewa mikanda mitatu. Nikasema naenda kijijini kwetu Gakindu, kwenye mashamba ya kahawa. Nilikuwa na kiburi, nawaambia ukweli!

Nikatuma habari: Jumanne nakuja kupiga picha. Basi Gakindu yote ikadhani ni picha ya studio, ile ya kusimama tuli. Nilikuta akina mama wamevaa nguo za kanisa, wazee wamefunga tai, katikati ya mibuni! Nikawasha kamera. Wakasimama wima, mikono mapajani, wamebana pumzi. Nami, ati msomi, niliona haya kuwarekebisha wakubwa wangu, nikamaliza mikanda miwili.

Mwalimu alipotazama, alizima mashine. "Hawa watu wamegandishwa? Umebakisha mkanda mmoja. Huo ukiharibika, funga sanduku."

Nililia, jamani. Nikarudi Gakindu, nikaketi jikoni kwa shangazi yangu, nikamweleza yote. Alicheka akishika mbavu.

"Sasa sisi tungejuaje? Wewe ulisimama huko mbali na hicho chombo chako. Kwani umesahau kuchuma? Kesho njoo na kikapu."

Hapo ndipo maisha yangu yaligeuka. Siku tatu nilichuma nao, nikabeba nao mpaka kiwandani, kamera iko karibu lakini sijaiwasha. Wakaizoea. Siku ya nne tulimwaga kahawa juu ya magunia tuchague, mbivu mbali na mbichi mbali, kabla ya kupima, maana kiwanda hakipokei mbichi. Nikawasha kamera, na hakuna aliyenitazama! Karani wa kupima akapekua debe la shangazi, akakuta chini amefunika mbichi kwa mbivu. Wee! Karani ananyoosha kidole, shangazi anaapa kwa mikono miwili, akina mama wamelala juu ya magunia kwa kicheko. Nami nikapiga yote.

Mwalimu alitaka filamu ionyeshwe kwa wenyewe, kule Gakindu. Tukaziba madirisha ya kanisa kwa mablanketi. Haikuwa na sauti, lakini ukumbi ulipiga kelele! Shangazi alipojiona akiapa, alisimama mbele ya wote.

"Aki mimi ni mwongo hivyo? Basi imetosha! Kuanzia leo nachagua!"

Na mama mmoja nyuma akajibu, "Na mimi pia, kabla sijapigwa picha!"

Mwalimu alifuta machozi ya kicheko, akanishika mkono. "Umepita," akasema. Nilirukaruka pale kanisani mpaka mchungaji akaniomba nitulie.

Nawashukuru akina mama wa Gakindu walionikubali shambani, na mwalimu asiyenidanganya. Lakini shangazi yangu namshukuru kuliko wote, maana kijiji kizima kilipoona kosa lake alilikubali, nami nikapata kazi. Ndugu zangu, ukitaka kuonyesha maisha ya mtu, fanya naye kazi kwanza. Na siku ukionyeshwa yako, uwe na moyo wa kusema: kweli, huyo ni mimi.